Duka Linauza Lakini Mtaji Unapungua: Jinsi ya Kuijua Faida Halisi Kabla ya Kutanua Biashara

Mdogo wangu alinipigia simu saa 4 usiku kutoka Chanika, Dar es Salaam. Ana duka la rejareja la kawaida kabisa: sukari, unga, mchele, mafuta ya kupima, sabuni, soda, na uwakala wa pesa za simu pembeni. "Kaka, nauza laki na ushee kila siku, lakini nikienda kufungasha mzigo hela haifiki. Nataka nikope milioni 2 nijaze shelfu."

Nilimwomba asikope kwanza. Mimi nina duka Tandika, huu ni mwaka wa 11, na mkopo wa namna hiyo uliwahi kuniumiza. Nikaenda kwake usiku mmoja, nikarudi baada ya mwezi, na tuliyoyafanya ndiyo haya. Mwenye genge, duka la vipodozi au duka la vifaa vya umeme anaweza kuyafuata vilevile. Bei weka za kwako.

Hatua ya 1: Nunua kaunta buku

Kwaya 2 inatosha. Najua kuna programu za simu za kuhesabia mauzo, lakini kwa miezi 3 ya kwanza sizishauri hata kidogo. Simu inaisha chaji wateja wakiwa wamejaa, na kijana wako wa dukani hatakuwa na hiyo programu. Kaunta buku iko juu ya meza muda wote na kila mtu anaandika humo humo. Ukishazoea kuandika, hamia kwenye simu ukitaka.

Hatua ya 2: Tenga laini ya duka

Lipa namba au laini ya duka isiwe ile unayopokelea hela za ndugu. Fanya leo.

Hatua ya 3: Hesabu mali yote iliyomo dukani

Hapa ndipo pa kukaa. Hatua hii ilinigharimu usiku mbili nzima mara ya kwanza, na bado nilikosea, na kosa hilo ndilo lililonipeleka kwenye mkopo. Nilihesabu kila kitu kwa bei ya kuuzia. Karatasi ikaniambia nina mtaji wa 6,200,000. Nikajiona nimekua, nikakopa 3,000,000 nikafungua kibanda cha pili. Mtaji wangu halisi ulikuwa haufiki hata milioni 5. Marejesho ya kila wiki yakawa yanatoka kwenye sukari na unga wa duka la kwanza, na ndani ya miezi 7 nilifunga kibanda kile.

Kwa hiyo sheria ya kwanza: kila kitu kihesabiwe kwa bei uliyonunulia, pamoja na usafiri. Kama bajaji ilikutoza 10,000 kuleta mzigo wa 400,000, hiyo 10,000 ni sehemu ya bei ya mzigo.

Fanya usiku baada ya kufunga, si mchana. Mchana mteja anakuja, unamuuzia kilo ya unga ulioshauhesabu, na hela yake inaingia kwenye droo unayokwenda kuihesabu baadaye. Unga huo umeuandika mara mbili. Vilevile mzigo usiingie siku hiyo. Ukiingia, utenge pembeni na uuandike mwisho.

Muwe wawili. Mmoja anashika kitu na kutaja, mwingine anaandika. Anzeni kona moja, mzunguke upande mmoja, shelfu ya juu hadi ya chini. Shelfu ikishakwisha ibandikeni kipande cha karatasi. Bila kile kikaratasi, sisi tulihesabu sabuni za miche mara mbili.

Mambo yanayosahaulika, na kila moja lina uzito wake:

Magunia yaliyofunguliwa yapimwe kwenye mizani. Usikadirie kwa macho. Mdogo wangu alisema gunia la mchele "liko nusu", mizani ikasema kilo 31.

Kreti na chupa tupu za soda ni hela yako. Uliziwekea dhamana. Kule Chanika kulikuwa na kreti tupu 14 nyuma ya duka, zimepigwa na mvua, na hakuna aliyekuwa anazihesabu kama mali. Mitungi mitupu ya gesi ni hivyo hivyo.

Hela ya uwakala ihesabiwe peke yake. Floti (salio la uwakala lililo kwenye simu) na taslimu ya uwakala ni mzunguko mmoja: mteja akitoa hela, taslimu inapungua na floti inapanda. Ukiichanganya na droo ya duka, siku moja utaona una hela nyingi, kesho huna, na zote mbili si kweli. Sisi tuliiweka kwenye bahasha yake na hatukuiingiza kabisa kwenye hesabu ya duka.

Vilivyoisha muda wake viandike sifuri. Inauma, lakini biskuti iliyoharibika haitanunua unga.

Madeni ya wateja yagawe. Anayelipa kila mwisho wa mwezi, mwandike. Anayekukwepa kwa kupita barabara nyingine, na yule aliyehama, usiwaandike. Wakilipa, itakuwa nyongeza.

Na bei ikipanda katikati ya mwezi, mzigo wa zamani ubaki kwenye bei yake ya zamani. Ukiupandisha, kitabu kitaonyesha faida ambayo hujauza bado.

Ukimaliza, hesabu ni hii: mali, jumlisha taslimu, jumlisha hela iliyo kwenye laini ya duka, jumlisha madeni yanayolipika, kisha toa unachodaiwa na watu wa jumla. Kwa mdogo wangu ilikuwa 3,840,000 + 212,000 + 165,000 + 140,000 − 310,000. Mtaji wake halisi: 4,047,000. Tulimaliza saa 8 usiku.

Hatua ya 4: Andika kinachotoka kwenda nyumbani, kisha rudia baada ya siku 30

Mauzo andika jumla ya siku tu. Ila chochote kinachotoka dukani kwenda nyumbani kiandikwe hapo hapo, hata kama ni kibiriti: mafuta, sukari ya chai, nauli ya mtoto, mchango wa harusi. Vitu viandike kwa bei ya kununulia. Nilimwambia shemeji yangu kwamba daftari hili si la kumchunguza mtu, ni la kulilinda duka, naye ndiye aliyeandika vizuri kuliko sisi sote.

Baada ya siku 30 tukahesabu tena, safari hii kwa saa 3 tu. Mali 3,615,000, taslimu 188,000, laini 240,000, madeni yanayolipika 226,000, anadaiwa 350,000. Mtaji: 3,919,000. Umepungua 128,000, huku kodi ya fremu na umeme vikiwa vimeshalipwa na duka.

Mdogo wangu akanyamaza. Nikamwambia afungue ukurasa wa nyumbani. Jumla: 486,000.

Sasa angalia. Faida halisi ni mabadiliko ya mtaji, jumlisha ulichotoa kwenda nyumbani, toa hela yoyote uliyoingiza kutoka nje. Hakuingiza kitu, kwa hiyo ni −128,000 + 486,000 = 358,000. Duka lake lilikuwa zima. Linatengeneza 358,000 kwa mwezi, na nyumba inakula 486,000. Ule mkopo wa milioni 2 ungekwenda mezani kama ulivyokwenda mtaji, na marejesho juu.

Tukakubaliana, na shemeji akiwepo, nyumba ichukue 250,000 kwa mwezi. Inatolewa kila Jumamosi kwa mafungu, si kila siku kidogo kidogo. Inayobaki, 108,000, inarudi kwenye mzigo. Shemeji ana cherehani, akasema pengo lililobaki atalibeba yeye kwa miezi hii.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya vitu vya kupima

Gunia la sukari la kilo 50 likiingia kwa 135,000 na usafiri 2,000, na ukiuza kilo 3,000, unaona faida ya 13,000. Lakini ukipima robo na nusu, kilo 50 hazitoki. Mkono unazidisha kidogo, nyingine inamwagika, na tulipofuatilia gunia moja hadi mwisho tulipata kilo 49. Mauzo 147,000. Toa vifungashio 2,500. Faida ni 7,500, karibu nusu imeondoka.

Fuatilia gunia moja moja: unga, mchele, maharage, na ndoo ya mafuta. Hakikisha mizani yako imehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Mizani isiyo sawa inakuibia wewe au inamwibia mteja, na mteja akigundua harudi.

Tena kodi ya makadirio kwa wafanyabiashara wadogo inatozwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Kitu chenye mauzo makubwa na faida nyembamba kama sukari kinakupandishia mauzo haraka. Usiache kukiuza, kwa sababu ndicho kinachomleta mteja, lakini kiwekee jicho.

Hatua ya 6: Angalia kinachozunguka

Kila kitu kikiisha, weka alama ya vema kwenye kaunta buku. Baada ya mwezi hesabu vema. Kwa mdogo wangu, katoni ya sabuni ya unga na seti ya sufuria ziliingia zote kwa kama 38,000. Katoni inampa faida ya 4,000 na inaisha kwa siku 5, yaani mara 6 kwa mwezi: 24,000. Seti ya sufuria ingempa 6,000, lakini ina miezi 3 haijaguswa. Tuliishusha hadi bei ya kununulia, ikaondoka ndani ya wiki, na hela yake ikanunua sabuni.

Hatua ya 7: Mikopo ya wateja

Weka kiwango cha mwisho kwa kila mtu, na asikope tena kabla ya kulipa. Hapa sina cha kuongeza.

Hatua ya 8: Sasa zungumza habari ya kutanua

Ukishakuwa na hesabu za miezi 3 mfululizo, na mtaji unapanda kila mwezi, ndipo mkopo una maana. Uwe wa kununua kitu chenye vema nyingi, na marejesho ya mwezi yasizidi nusu ya kile kinachobaki dukani baada ya nyumba kuchukua chake. Kwa mdogo wangu nusu hiyo ni 54,000, kwa hiyo milioni 2 ya haraka haiingii hata kwa kulazimisha.

Mimi naanza na VICOBA, yaani kikundi cha mtaani cha kuweka akiba na kukopeshana, kwa sababu mnajuana na riba inarudi kwenu wenyewe. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa kawaida inapitia vikundi vilivyosajiliwa, hivyo nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Beba kaunta buku. Kikundi chenye kumbukumbu za miezi kina la kujibu kinapoulizwa biashara inaendaje.

Mdogo wangu anahesabu mara ya tatu Jumapili hii. Tumepanga tuanze na kreti za nyuma ya duka, kabla giza halijaingia, halafu ndiyo tufunge mlango tuingie ndani.