Ukipanda basi la usiku, panga na asubuhi yake

Basi la usiku hukuokolea gharama ya kitanda, na ukiwa ugenini na begi mgongoni hilo si jambo dogo. Shida huanza saa kumi na moja alfajiri, unaposhushwa stendi shingo imekakamaa, na hosteli nyingi hazikupi kitanda mpaka saa nane au tisa mchana. Hapo ndipo uchovu humfanya mtu alipie teksi au chumba ambacho hakukipangia, na kile alichookoa kinayeyuka.

Siku moja kabla, waandikie hosteli uulize kama unaweza kuacha mzigo mapema. Nyingi hukubali, na baadhi hukuruhusu hata kuoga. Mswaki, taulo jepesi, chaja na soksi safi viweke juu kabisa ya begi, usije ukalipekua lote sakafuni mbele za watu. Soksi safi baada ya usiku mzima ndani ya viatu, aisee, hurudisha uhai! Ramani ya mji ipakue ukiwa bado na intaneti.

Na mashine ya kutolea pesa ikikuuliza ikukate kwa sarafu ya kwenu au ya nchi uliyopo, chagua ya nchi uliyopo. Ile nyingine kwa kawaida hukubadilishia kwa kiwango kibaya. Mimi nililijua hilo nikiwa nimeshabonyeza, na liliniuma kutwa nzima, hadi jioni nilipopanda kilima kisicho na kiingilio nikauona mji wote ukiwaka taa.