Kayaki na marafiki likizoni: panga safari kwa kumfuata aliye mgeni zaidi wa maji

Katika kundi letu la marafiki mimi ndiye mpangaji wa likizo, na tukifika mahali penye maji tulivu, kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa kupigwa kwa kasia lenye bapa ncha zote mbili, haikosi kwenye ratiba. Naipenda kwa kuwa haina injini. Unakaa usawa wa maji, mnasikilizana bila kupaza sauti, na ndege hawakimbii mkiwa bado mbali. Lakini nimeona pia safari ileile ikimfurahisha mmoja na kumwacha mwingine na hofu ya maji kwa likizo nzima. Mara nyingi jambo hilo huamuliwa mapema, kabla hata hamjaona ufuo.

Kwa hiyo anza na marafiki zako, usianze na picha za matangazo. Muulize kila mmoja peke yake: unajua kuogelea? Unaogopa maji yenye kina? Una tatizo la bega, mgongo au kifua? Nasisitiza peke yake, maana ukiuliza kwenye grupu kila mtu atajibu "mimi niko poa", hata yule ambaye hajawahi kuingia majini kupita magoti. Ukishapata majibu ya kweli, chagua safari inayomfaa aliye mgeni kuliko wote. Mwenye nguvu hataumia kwa safari fupi, ila mgeni ataumia kwa safari ndefu.

Wanaoanza huenda kama kilomita 3 hadi 5 kwa saa, na hapo hujahesabu vituo vya kupumzika na kupiga picha. Safari ya saa mbili, kilomita tano au sita hivi, inatosha kabisa. Ukiona tangazo la kilomita 12 "kwa watu wa viwango vyote", uliza maswali zaidi.

Chukua safari ya asubuhi. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya juu ya nchi kavu hupaa, na upepo huvuma kutoka majini kujaza nafasi yake. Ndiyo maana ufuo uliolala kimya saa moja asubuhi unaweza kuwa na mawimbi saa nane mchana. Kama ni baharini, muulize kiongozi habari za kupwa na kujaa: je, wakati wa kurudi, mkondo utakuwa nasi au dhidi yetu? Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, wakati wa bamvua, mikondo huwa na nguvu zaidi. Tena jihadharini na upepo unaotoka nchi kavu kwenda majini. Pembezoni maji huonekana shwari, lakini kila mnavyosogea mbali ndivyo unavyozidi kuwasukuma, na kurudi ni kupambana nao.

Kabla ya kulipa, uliza kiongozi mmoja anaongoza watu wangapi. Mimi nikisikia zaidi ya wanane, natafuta kwingine. Uliza kama anabeba kamba ya kuvutia, sanduku la huduma ya kwanza na redio au simu isiyoingia maji. Uliza hali ya hewa ikichafuka mnaahirisha au mnaenda hivyohivyo. Kiongozi mzuri hulijibu hili la mwisho haraka, kwa sababu ameshaahirisha safari mara nyingi.

Zipo kayaki za kukaa juu na za kukaa ndani. Ya kukaa juu ina matundu ya kutolea maji na ukianguka unapanda tena, hivyo kwa kundi lenye wageni ndiyo chaguo langu. Ya kukaa ndani huenda kasi zaidi na hukukinga na baridi, ila ikipinduka hujaa maji. Ikiwa ina sketi ya kuzuia maji, yaani kitambaa kinachovaliwa kiunoni na kufunika tundu la kukalia, hakikisha kila mtu amejizoeza kuvuta kitanzi cha mbele na kuifungua akiwa bado ufukweni.

Nani akae na nani

Kayaki ya watu wawili ndiyo inayohitaji fikra zaidi, na wengi huigawa ovyo kwa "wewe na wewe". Wa mbele ndiye anayeweka mwendo. Hawezi kumwona wa nyuma, kwa hiyo hana namna ya kumfuata. Wa nyuma anamwona wa mbele, basi yeye ndiye wa kufuata, na pia ndiye anayeelekeza chombo, kwa pedali za usukani zikiwepo au kwa kasia. Asipofuata, utasikia kabla ya kuona: ko! Kasia limegonga kasia, maji yanamwagika mapajani kwa wa mbele, kayaki inapinda kushoto, wote wawili wanapiga upande wa kushoto kwa pupa, inapinda kulia kupita kiasi, na kila mmoja anaanza kutoa amri. Manahodha wengi chombo huenda mrama. Dawa yake ni ndogo. Wote wasimame. Wa mbele aanze upya polepole, mwendo uleule kushoto na kulia, bila kugeuka nyuma. Wa nyuma asitazame kasia, atazame mabega ya mwenzake: bega la kulia likienda mbele, naye kasia lake linaingia kulia. Baada ya muda mfupi kugongana kunakwisha.

Mwenye hofu mpe mwenzi mtulivu, hata kama si mwenye nguvu. Mimi humweka mwenye hofu mbele. Wengi hufikiri nyuma ndiko kwenye usalama, lakini mbele anaona kila kinachokuja, na mwendo uko mikononi mwake, kwa hiyo hakuna anayemkimbiza. Mzito zaidi na mwenye uzoefu akae nyuma. Wapenzi wawili walio wageni wote hupenda kukaa pamoja, nami huwaomba watengane kwenda na waungane kurudi, wakishazoea makasia. Wakinisikiliza hufurahia zaidi.

Kabla ya kuingia majini

Jaketi okozi lifungwe mikanda kuanzia chini kwenda juu, kisha rafiki alishike mabegani na kulivuta juu. Likifika masikioni, limelegea. Likazwe hapo, wala lisifunguliwe hadi mrudi nchi kavu, hata jua likiwaka.

Watu wa Aktiki waliobuni kayaki, wakinyoosha ngozi ya sili juu ya fremu ya mbao au mfupa, walizitengeneza kwa vipimo vya mwili wa mwenyewe. Ya kukodi haikujui, kwa hiyo irekebishe: nyayo zikanyage vizuri sehemu za kuwekea miguu, magoti yakunjwe kidogo, mgongo usimame. Ukipuuza hili, kiuno kitakulipiza mapema.

Kasia ulishike kwa kuliweka juu ya kichwa, viwiko vikunjwe kama pembe ya mraba. Hapo ndipo mikono inapokaa. Upande wa bapa uliobonyea ukutazame wewe. Usilikabe, vidole vilegee. Liingize majini karibu na vidole vya miguu, bapa lizame lote, livute hadi usawa wa nyonga, litoe. Nguvu itoke kiunoni kwa kuzungusha kiwiliwili, siyo kwenye mikono. Mikono ikianza kuuma mapema, jua kiwiliwili kimekaa tu. Kugeuka, chora nusu duara pana kutoka miguuni hadi nyuma, upande ulio kinyume na unakotaka kwenda. Kusimama, piga nyuma mara chache, fupifupi.

Wimbi la boti likija, lielekezee pua ya kayaki na uendelee kupiga kasia. Wanaopinduka mara nyingi ni wale wanaoacha kasia na kushika kingo za chombo.

Mwombeni kiongozi awape nafasi ya kujizoeza kupanda tena, kwenye maji yasiyo na kina kirefu karibu na ufuo. Msione aibu kuomba, dakika hizo chache huondoa hofu kuliko maneno yote. Kwenye kayaki ya kukaa juu, ukianguka shikilia chombo na kasia. Kikiwa kimepinduka, nyoosha mkono upite juu ya tumbo lake, shika ukingo wa upande wa pili, jiegemeze nyuma kwa uzito wako, nacho kitageuka. Nenda katikati, kwenye kiti. Sasa wengi hukosea: hujaribu kujivuta juu wakiwa wamesimama wima majini, miguu ikining'inia, na kayaki inawafunika. Piga miguu kwanza hadi mwili ulale juu ya maji, halafu jivute mbele hadi tumbo lipite juu ya kiti. Tulia hapo, pumua. Geuka ukalie makalio, ndipo uingize miguu. Mkiwa wawili, mmoja apande huku mwenzake akizuia upande wa pili. Kwenye ya kukaa ndani, inama mbele, vuta kitanzi cha sketi, sukuma kingo kwa mikono, utatoka. Kisha msubiri kiongozi.

Ishara nazo mkubaliane ufukweni, kwani hutofautiana. Wengi hutumia kasia lililosimamishwa wima kwa "njooni" na lililolazwa juu ya kichwa kwa "simameni". Mlio wa filimbi mara tatu ni kuomba msaada.

Mavazi sitayazungumza sana. Vaeni kwa kufuata baridi ya maji, siyo joto la jua, maana maji hunyonya joto la mwili haraka mno kuliko hewa. Pamba iliyolowa haikauki upesi. Mafuta ya kukinga jua yasisahau mgongo wa mikono, mapaja na juu ya nyayo. Miwani iwe na kamba. Maji ya kunywa yawe karibu na mkono, simu iwe kwenye mfuko usioingia maji uliofungwa kwenye chombo.

Mkiwa njiani

Hili nalisema kila safari. Wenye nguvu hutangulia, hufika kwenye kituo, hupumzika wakiwasubiri wengine. Wa mwisho akifika, wao tayari wamepumzika, wanaondoka. Yule aliyechoka kuliko wote ndiye pekee ambaye hajapumzika hata mara moja. Kwa hiyo sisi tuna kanuni kwamba mapumziko yanaanza kuhesabiwa wa mwisho anapofika. Mmoja wa wazoefu abaki nyuma ya wote, na asiwepo aliye mbali kiasi cha kutosikia akiitwa. Mtu akiomba kuvutwa kwa kamba, avutwe bila maneno.

Mkiona ndege au wanyama, acheni kupiga makasia na muelee. Ndege wakiacha kula na kuinua vichwa, tayari mmekaribia kupita kiasi. Rudini nyuma taratibu.

Wakati wa kutua, wenye kayaki za wawili washuke mmoja mmoja, mwenzake akituliza chombo. Kama kuna mawimbi, asisimame mtu kati ya kayaki na ufuo. Ikiwa imejaa maji ni nzito kuliko inavyoonekana, na wimbi moja linatosha kuigongesha magotini. Simameni kwenye ncha, mmoja kwenye kila mpini, mngoje wimbi lipite, halafu mbebe.