Somo: Kupanda mikoko ikashika, na mahali pa kuacha bila kupanda

Nawaandikia hasa wenzangu wa vikundi vya pwani. Miaka kadhaa iliyopita kikundi chetu kilipanda mbegu za mkoko kwenye tope lililo wazi mbele ya kijiji, mahali ambapo hata wazee hawakuwahi kuona mti. Watu walikuja wengi na picha zikapigwa. Kusi ikavuma. Niliporudi baada ya miezi mitatu nilikuta vijiti vyeusi vimelala juu ya nyasi bahari, na nyasi zenyewe, ambazo ni malisho ya kasa na maficho ya samaki wadogo, tumezikanyaga sisi. Iliniuma sana, na ndiyo sababu ya somo hili.

Hatua ya 1: Uliza kwa nini hapa hapana mikoko.
Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo usiiharakishe. Zunguka na mvuvi au mzee anayepajua. Je, mikoko iliwahi kuwapo? Kama haikuwapo, paache. Kama ilikuwapo, iliuawa na nini? Kule Mwache, Mombasa, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka bara, ukafukia mizizi inayopumua, na miti ikafa imesimama. Kwingine barabara au tuta limeziba mkondo, maji chumvi hayaingii tena. Ukipanda bila kuzibua mkondo, unapanda maiti.

Pengine miti ilikatwa tu kwa boriti au kuni. Hapo inama uangalie chini. Ukiona machipukizi yamejitokeza yenyewe, na miti mama ipo jirani, maji yanaingia na kutoka, basi msitu unajirudisha. Kazi yako ni kuzuia panga na mbuzi. Kulinda ni kazi kubwa kuliko kupanda, ingawa haina picha nzuri. Watu wa Gazi, Kwale, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013, wanalipwa kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa na msitu wa hekta 117, na sehemu kubwa ya msitu huo ilikuwa imesimama tayari. Fedha hizo zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule.

Hatua ya 2: Soma miti iliyopo.
Mikoko ina aina kadhaa, na kila aina ina kimo chake cha maji. Mara nyingi mlilana husimama mbele baharini, mkoko hufuata, kisha mkandaa, na mchu huvumilia chumvi kali ya nyuma karibu na nchi kavu. Nenda maji yakiwa yamejaa, utazame yanafika wapi kwenye shina la mti wa jirani. Panda aina ileile kwenye kimo kilekile.

Hatua ya 3: Chuma mbegu zilizokomaa.
Mbegu ya mkoko ni kijiti kirefu cha kijani kinachoning'inia mtini. Tazama pale kinapoungana na tunda: kikikomaa, hutokea pete ya manjano. Kizungushe taratibu, kilicho tayari huachia chenyewe mkononi, na juu yake utaona kichipukizi kidogo kimechongoka. Kikigoma, kiache. Tupa vyenye matundu ya wadudu.

Hatua ya 4: Panda.
Chagua siku za maji mafu, yasiyopanda sana, ili bamvua, yaani maji makuu, lisiwahi kung'oa mbegu kabla hazijashika. Ncha nene iende chini, kichipukizi kibaki juu, theluthi moja ndani ya tope. Usipigilie kwa jiwe. Hatua moja kubwa kati ya mbegu na mbegu inatosha.

Hatua ya 5: Rudi.
Rudi baada ya mwezi, na baada ya kila msimu. Hesabu zilizo hai. Ondoa mifuko ya plastiki na nyavu kuukuu zilizojisokota kwenye miche.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Pemba:* Maalim, kaa wananimalizia mbegu. Niwategee?

Hapana ndugu yangu, waache. Mashimo ya kaa ndiyo yanayoingiza hewa na maji kwenye tope, na majani wanayoyavuta ndani ndiyo mbolea ya msitu. Weka mbegu zako kivulini wiki moja hivi kabla ya kupanda, zinyauke kidogo. Kaa huzipenda zaidi zikiwa mbichi.

*Mwanachama, Lindi:* Kuna shamba la chumvi lililoachwa. Tupande?

Bomoeni matuta kwanza, bahari iingie na kutoka kama zamani. Kisha subirini msimu mmoja wa mbegu. Mchu unaweza kuja wenyewe, na hapo mtapanda pale palipobaki wazi tu. Ila kabla ya jembe la kwanza, nendeni TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), kwa sababu mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya serikali.

*Mwanachama, Kilifi:* Mti umekauka, nao nisikate kuni bila ruhusa?

Nao pia, muulize afisa wa Huduma ya Misitu ya Kenya. Mti mkavu una kazi: unazuia mawimbi, na ndege hutua hapo. Kwa boriti za nyumba, panda mvinje shambani. Gazi wamefanya hivyo ili msitu upumue. Na ukinunua chokaa, muulize mchomaji tanuri lake linakula kuni gani. Mwenye kuni za mikoko, usinunue kwake.

*Mwanachama, Mbarali:* Mimi ni mkulima wa mpunga, bahari nimeiona mara moja tu. Somo hili linanihusu?

Linakuhusu sana. Maji ya bonde lenu la Usangu huingia mto Ruaha Mkuu, Ruaha hujiunga na Rufiji, na Rufiji humwagika kwenye delta yenye msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko Afrika Mashariki. Kamba wanaovuliwa kule hukulia kwenye mizizi ile, na mizizi huishi kwa maji yasiyo na chumvi na matope yanayotoka kwenu. Ukimaliza kumwagilia, funga mfereji ili maji yanayobaki yarudi mtoni. Na usilime ndani ya mita 60 za kingo za mto. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza. Kama ukanda huo umeshalimwa, anza msimu huu kuuachia matete yarudi.