Maji yaliyojificha tumboni mwa boti: angalia haya kabla hujapakia

Kwanza vuta boti nchi kavu. Kazi hii haifanyiki boti ikielea pale Kituku, bandari yetu ya Goma kwenye Ziwa Kivu, huku abiria wanakuuliza saa ya kuondoka. Shusha moteri, mafuta na mizigo yote. Inua sehemu ya mbele kwa magogo ili maji yakimbilie nyuma.

Andaa kata, sponji, nyundo na bido (madumu) tupu za lita 20. Kizibo cha tundu la chini kifunge kwenye boti kwa kamba. Wanaokisahau juu ya jiwe ni wengi kuliko wanaokubali.

Mtumbwi wa mbao hauna siri: maji unayaona kati ya mbavu zake, unayakumba. Watu wa pwani hupaita pale ngama, sisi tunasema tumbo tu. Shida iko kwa boti za faiba zenye sakafu juu ya ganda. Katikati kuna uwazi uliofungwa, wenye hewa ya kuisaidia boti isizame. Maji yakiingia humo huyaoni, na kata haiyafikii.

Mimi nilinunua boti ya namna hiyo, imeshatumika. Nikaongeza mabenchi mawili, fundi akayakaza kwa skrubu zilizopenya sakafu. Silikoni ya kuziba matundu hakutia, nami sikuuliza. Miezi minne baadaye tulikuwa tunatoka Minova na viazi. Tulichelewa kupakia, upepo wa mchana ukatukuta njiani. Wimbi moja likatulaza upande wa kulia, na tukabaki tumelala. Kijana wa moteri akapiga kelele: "Patro, boti imelewa!" Nikaangalia miguuni: sakafu kavu, hata viatu havijalowa. Tulitupa magunia tisa ziwani ndipo ikainuka.

Tulipoitoboa nyuma, chini kabisa, kikatoka kimkondo cha kahawia kinachonuka kama kasiksi, pombe ya ndizi, iliyoharibika. Tukajaza bido 11. Hesabu mwenyewe: kilo 220, kama abiria watatu wanene ambao hawakulipa nauli. Tena abiria hao hawatulii. Gunia la viazi linabaki ulipoliweka, lakini maji yaliyo huru hukimbilia upande ulioinama na kuzidi kuulaza. Maji yale yale yangekuwa ndani ya bido zilizofungwa na kupangwa vizuri, yangetuongezea uzito tu.

Kwa hiyo gonga sakafu kwa mpini wa nyundo, kutoka mbele hadi nyuma. Pakavu panalia kama ngoma, penye maji panajibu "dufu", kama umegonga gunia. Hesabu pia wanaoivuta: ikiwa zamani watu sita walitosha na leo tisa wanahema, jibu umelipata. Ukishaikausha, irudishe majini ikiwa tupu na upige alama ya rangi pale maji yanapofika. Siku alama hiyo ikizama kabla hujabeba kitu, usipakie. Halafu pitia skrubu moja moja.

Petroli nayo: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatulia chini kama mazuku, ile hewa ya kuua inayolala mashimoni. Fungua kila kifuniko, acha upepo upite kwanza, ndipo ulete drili au pampu ya betri. Sigara hata usiulize.

Toboa sehemu mbili, juu mbele na chini nyuma. Hewa isipopata pa kuingilia, maji yatatoka kwa kusitasita, mengine yatabaki. Kama ndani mlijazwa ile musi ngumu (povu lililoganda) na imeshanyonya maji, tundu halitakusaidia. Fungua sakafu uing'oe. Usizibe siku hiyo hiyo. Acha jua lifanye kazi siku kadhaa, na mvua ikija funika kwa shitingi (turubai). Maji yenye mafuta usiyamwage pale akina mama wanapochota. Yana bido zake.

Basi, jile (makoti ya kuokolea) zivaliwe, zisikaliwe kama mito. Kata ibaki ndani hata kama una pampu. Anayekuambia "ni maji kidogo tu" muulize kama na yeye anapanda. Na ukiona migomba ya ng'ambo imeanza kuyumba kabla hujamaliza kupakia, shusha magunia, safari ni ya kesho asubuhi.