Ukiumia, ukiugua au ukipunguzwa kazini Tanga: fao lipi, ofisi ipi, karatasi gani

Mtu akisimama kazi, jirani wa kwanza atamwambia "nenda NSSF kachukue hela yako." Wengi hupotezea miezi hapo. Kabla ya kupanda bajaji kwenda ofisi yoyote, jibu swali moja: umesimama kwa sababu gani? Kama umeumia kazini, au umeugua kwa sababu ya kazi yenyewe, mlango wako ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF. Ugonjwa usiohusiana na kazi unaanzia kwa mwajiri, NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, inafuata baadaye. Ukipunguzwa, ni NSSF, na pengine Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Mtumishi wa umma aweke PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, kila panapotajwa NSSF. Na aliyevuka kwenda kufanya kazi Pemba ajue kwamba haya yote ni ya Bara. Zanzibar wana sheria zao na mfuko wao, ZSSF.

Umeumia kazini

Hapa ndipo pana fedha nyingi zaidi, na ndipo zinapopotea kirahisi. WCF huchangiwa na mwajiri peke yake. Mshahara wako haukatwi hata shilingi. Mwajiri akikwambia "sisi hatukukukatia WCF," hajajibu kitu. Hata kama hajajisajili, haki yako iko palepale, na deni la michango ni kati yake na Mfuko.

Kesi hujengwa siku ileile ya ajali. Chukua mfano wa kijana wa korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge shambani, aliyevutwa mkono na mashine. Anakimbizwa zahanati, anafungwa kidonda, kwenye kadi panaandikwa "jeraha la mkono wa kulia" basi. Miezi mitatu baadaye hakuna mahali panapoonyesha kwamba jeraha lilitoka kazini. Kwa hiyo mwambie mganga, na hakikisha ameandika: ameumia kazini, mashine gani, tarehe na saa, kidole kipi. Mkata mkonge aliyechomwa jicho na ncha ya jani afanye vivyo hivyo, hata kama jicho linaonekana jekundu tu. Jicho la namna hiyo huweza kuharibika baadaye, na kadi ya siku ya kwanza ndiyo itakayomtetea. Kama ajali ni ya barabarani ukiwa kazini, pitia polisi uchukue PF3, fomu ya polisi ya matibabu.

Siku hiyohiyo mjulishe msimamizi kwa maandishi. Ujumbe wa simu unatosha kwa kuanzia, mradi usiufute. Taja mashahidi wawili. Mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kupeleka taarifa WCF, lakini usikae ukimngoja. Ajali isipotolewa taarifa ndani ya miezi 12, haki hupotea. Akisuasua, nenda mwenyewe WCF au kwa afisa kazi ukiwa na nakala zako.

WCF hugharamia matibabu, na kwa muda usioweza kufanya kazi hulipa asilimia 70 ya mshahara wako kwa mwezi, mpaka miezi 24. Mwenye mshahara wa 390,000 atapata 273,000. Hali ikishatulia, daktari hupima ulemavu uliobaki kwa asilimia. Usiozidi 30 hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi 30 ni pensheni ya kila mwezi. Usiharakishe kipimo hicho. Kidole kilichopona ngozi lakini hakikunjiki ni ulemavu, na daktari ataujua ukimwonyesha unavyoshindwa kushika panga au kufunga kifungo cha shati. Kusema tu "bado kinauma" hakumpi cha kuandika.

Magonjwa ya kazi nayo yamo: vumbi la kiwanda cha saruji au la chokaa, vumbi la chumba cha brashi cha singa, yaani nyuzi za mkonge. Haya ni magumu zaidi kuthibitisha kuliko ajali, kwa hiyo mweleze daktari kazi uliyofanya na miaka uliyoifanya, siyo dalili peke yake.

Umeugua, si kwa kazi

Usiandike barua ya kuacha kazi. Tunasisitiza kwa sababu ndilo kosa linaloumiza watu kuliko yote. Mwajiri mpole atakuita na kusema "pumzika tu nyumbani, andika barua, tutakusaidia." Ukiandika, umeacha mwenyewe: kesi ya kuachishwa inakufa na fao la kukosa ajira linakufa nayo.

Badala yake tumia likizo ya ugonjwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Sharti ni ED, yaani cheti cha kupumzika kazi kwa ugonjwa, ya daktari anayetambulika. Ikiisha kabla hujapona, rudi hospitali ya Bombo au ulikotibiwa uchukue nyingine kabla siku haijapita. Pengo lisilo na ED linaweza kuhesabiwa utoro.

Siku zikiisha na bado huwezi, mwajiri anaweza kusitisha ajira kwa sababu ya afya, ila baada ya kuchunguza hali yako, kutazama kama kuna kazi nyepesi ya kukupa, na kukusikiliza. Ukiachishwa hivyo una haki ya notisi (siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi), malipo ya likizo ambayo hukuchukua, cheti cha utumishi, na kiinua mgongo ikiwa umefanya kazi angalau mwaka mmoja mfululizo. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka 10. Kwa 390,000 na siku sita za kazi kwa wiki, siku moja ni kama 15,000, hivyo miaka 6 ni 630,000. Ukipewa kazi nyepesi ukaikataa bila sababu ya maana, kiinua mgongo unaweza kukikosa.

Pensheni ya ulemavu ya NSSF ina masharti mazito: uthibitisho wa kitabibu kwamba umepoteza theluthi mbili ya uwezo wako wa kujipatia kipato, pamoja na michango ya miezi 180, au angalau 36 ambayo 12 kati yake ni ya mwaka uliotangulia ulemavu. Ndiyo maana ni hatari kukaa nyumbani mwaka mzima bila michango ndipo ukumbuke kuomba.

Umepunguzwa

Fao la kukosa ajira ni kwa raia aliye chini ya miaka 55, aliyechangia angalau miezi 18, asiyeacha kazi kwa hiari na ambaye hajapata kazi nyingine. Hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Kwa mfano wetu, takriban 130,000 kwa mwezi. Aliyechangia chini ya miezi 18 hupata mkupuo wa nusu ya michango yake mwenyewe.

Peleka barua ya kuachishwa, kitambulisho cha NIDA, namba ya uanachama na akaunti ya benki. Vinavyokwamisha ni viwili. Cha kwanza ni majina: NIDA inasema Mwanaidi, NSSF Mwanahidi, benki Mwanaid. Linganisha mapema, na inapobidi chukua hati ya kiapo. Cha pili ni miezi ambayo mwajiri alikukata bila kupeleka. Omba taarifa ya michango, iweke sambamba na hati zako za mshahara, na uwapelekee NSSF orodha ya miezi iliyokosekana, kwani kumdai mwajiri ni kazi yao.

Ukiona umeonewa, jaza CMA F.1, fomu ya kupeleka mgogoro CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Madai mengine, kama mshahara usiolipwa, ni siku 60. Hulipii kitu. Kibarua asiye na mkataba wa maandishi asijione hana kesi: jina lake kwenye daftari la mahudhurio na miamala ya malipo kwenye simu ni ushahidi, na mwajiri asiyetoa maandishi ndiye anayetakiwa kuthibitisha masharti ya kazi.

Nje ya ofisi hizi utakutana na vishoka wanaoahidi "kulisukuma faili" kwa fungu la malipo yako. Fomu ni za bure, na kinachokwamisha faili ni karatasi iliyokosekana. Muulize afisa ni ipi, aiandike, uondoke na muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.