Kabla Hajapanda Kwenye Semi: Mambo ya Kupanga Nyumbani

Mume wangu anaendesha semi, lile lori refu la kuvuta trela, huu mwaka wa kumi na tatu. Anapakia bandarini Dar es Salaam, anashusha Mwanza, Kigali au Lubumbashi, kutegemea tajiri, mwenye malori, kaamka vipi. Mimi nauza dagaa hapa Mwanza, soko la Mwaloni, Kirumba, na tunakaa Buhongwa, hatua chache kutoka malori yanapolala. Haupiti mwezi bila binti mmoja kunifuata: "Dada, mwenzangu kapata kazi ya masafa, nimwambie akubali?" Simwambii akatae. Namuuliza maswali, na maswali yenyewe ndiyo haya, ili nipumzike kuyarudia.

Mkataba kwanza. Uwe wa maandishi, na uuone kwa macho yako, usisimuliwe. Tazama mshahara umeandikwa wapi na posho ya safari imeandikwa wapi, maana kuna matajiri wanapenda mshahara kiduchu na posho nono. Inapendeza gari likiwa linatembea. Likilala gereji mwezi mzima, posho hakuna, mnabaki kutazamana na mama mwenye nyumba. Likizo ya mwaka ni siku 28 kwa sheria ya ajira ya 2004. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na angalau nusu yake inatoka kwa mwajiri, kwa hiyo aulize kama jina lake limepelekwa kule au limebaki kwenye daftari la karani. Aulize pia mzigo ukipungua nani analipa. Jibu likiwa "tutaona", basi mmeshaona.

Karatasi: leseni, pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi hiyo tangu 2016 ni ya maisha, sindano moja inatosha. Atakayewaambia imeisha muda wake anatafuta hela ya soda.

Fedha. Mshahara ni wa nyumba, posho ni ya barabara, na visikutane. Dereva akila mshahara njiani atarudi na debe la mafuta ya alizeti la Singida na mfuko wa vitunguu, na ninyi mtamshangilia, lakini Januari mwalimu hapokei vitunguu. Kwenye laini yako mwenyewe, siyo yake, kuwe na akiba ya dharura inayotosha kumpeleka mtoto hospitali usiku na kurudi. Usingoje atume. Anaweza kuwa na hela mfukoni na asiwe na mtandao wa kuitumia. Kama huna biashara, anza hata ya maandazi. Mwanamke wa dereva anayekaa tu kusubiri simu iite anazeeka haraka.

Siku ya kurudi. Mtoto asiahidiwe siku. Mizani ya kupimia malori ya Vigwaza ina foleni yake, Mikese ina yake, Nala ina yake, Njuki ina yake, na Tunduma ya kuvukia Zambia usiiseme, mpaka ule unaweza kummeza mtu siku kadhaa akiwa amekaa tu anatazama matako ya lori la mwenzake. Mwanangu wa kwanza alikaa barazani Jumamosi mbili mfululizo na viatu vya shule miguuni, eti anamsubiri baba aende naye mjini. Tangu hapo tuna kanuni: baba akishapita mizani ya Usagara, jirani na kwetu, ndipo sato anaingia kikaangoni. Kabla ya hapo hata nyanya hazikatwi. (Akitokea upande wa Rusumo, mpaka wa Rwanda, zamani alikuwa na kisingizio, kivuko cha Busisi. Foleni ya kivuko, kivuko kibovu, kivuko kimelala. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita tatu za lami juu ya maji, kisingizio hicho kimezama, na simwonei huruma.)

Simu. Wekeaneni saa. Mimi nampigia asubuhi kabla hajawasha gari na usiku akishalala. Katikati naandika ujumbe, ataujibu akisimama. Ugomvi wa nyumbani haupelekwi kwa mtu anayeshuka mteremko wa Sekenke na mzigo wa tani zaidi ya ishirini mgongoni. Ugomvi unaweza kungoja. Breki haziwezi.

Sasa namba za gari. Hapa ndipo nataka mtulie, maana hili sikuambiwa na mtu.

Asiyejua malori afahamu kwamba semi ni vitu viwili. Kuna kichwa na kuna trela, na kila kimoja kina namba yake ya usajili. Kichwa humfuata dereva, lakini trela hubadilishwa. Leo analivuta hili, kesho mzigo ukikataa kulingana ofisi inalifungua na kumfungia lingine. Mimi nilikuwa najua habari hiyo juu juu, kama unavyojua kwamba jirani ana ndugu Tabora. Niliyoishika kichwani ilikuwa namba ya trela. Kila safari kabla ya kuondoka mume wangu aliwapiga watoto picha nyuma ya trela, chini ya kibao cha namba, na mwanangu wa pili, alikuwa chekechea wakati ule, alijifunza kusoma tarakimu kwenye kibao kile. Aliziimba mpaka majirani wakazijua.

Safari hiyo aliniaga kwamba anakwenda Dar es Salaam kupakia, atageuza kuja Mwanza. Nyumbani kulikuwa na shughuli ya kipaimara cha mkubwa, na aliapa atawahi. Kule Dar tajiri akabadili safari usiku: aende Lubumbashi. Trela lake akapewa mwenzake aliyekuwa anakuja huku, yeye akafungiwa jingine. Hakuniambia. Alijua nitachafukwa kwa sababu ya kipaimara, akaona bora anieleze akiwa ameshafika mbali, nikose la kufanya. Siku mbili akawa anapokea simu yangu kwa mkato, "niko barabarani, nitakupigia". Siku ya tatu hakupatikana kabisa.

Siku hiyo hiyo, saa tatu asubuhi, nikiwa Mwaloni napimia mteja dagaa, wifi yangu akatuma picha kwenye kundi la ukoo. Semi limelala ubavu kwenye mteremko upande wa Singida, turubai limechanika, watu wamezunguka. Chini ameandika: "Wifi, hili si la kaka?" Maneno ya aliyeirusha kwanza yalikuwepo bado: dereva amefariki papo hapo. Nikaikuza picha. Nikaisoma namba kwa sauti ya mwanangu, tarakimu moja baada ya nyingine, kwa ule wimbo wake.

Nikapiga simu yake: haipatikani. Nikapiga ofisini kwao, ikaita mpaka ikakata, mara nne. Utingo wake sikuwa na namba yake. Nilikuwa namjua kwa jina la utani tu, na jina la utani halipigiki. Kichwa? Sikujua hata herufi ya mwisho.

Mchana nyumba ilikuwa imejaa. Wanawake wa mtaa wametandika mikeka, balozi kaleta daftari la rambirambi, shemeji yangu mkubwa kakodi turubai na viti sabini. Mama mkwe alitoka Magu kwa basi, akateremka hawezi kusimama, wakamshika wawili wawili. Shemeji mdogo na mjomba wakapanda gari kwenda Singida kuutambua mwili. Watoto niliwapeleka kwa jirani, na yule wa chekechea aliniuliza kwa nini wageni wote wale wamekuja kabla ya siku ya kipaimara. Sikuwa na jibu.

Saa nane usiku simu yangu ikaita, namba inaanza na +260. Nilidhani ni mtu wa hospitali. "Mama, mmelala?" Ni yeye. Amevuka mpaka, yuko Nakonde, laini yake ya Tanzania ilikuwa haishiki kule na ndiyo kwanza amenunua ya Zambia. Amejiandaa kabisa kugombezwa habari ya kipaimara, nikasikia anaanza kujitetea kabla sijasema neno. Nilimuuliza kitu kimoja tu: "Unavuta trela gani?" Akanyamaza. Kisha akanitajia, nayo haikuwa ile ya wimbo.

Alfajiri shemeji mdogo akapiga kutoka Singida. Mwili si wa kaka yake. Ni wa yule mwenzake aliyepewa trela. Na mke wa yule mwenzake, aliyekuwa anakaa Igoma, mji huu huu, upande wa pili wa vilima, alikuwa hajaambiwa na mtu yeyote. Siku nzima na usiku kucha sisi tunamlilia mume wangu, yeye yuko kwake anapika. Hakuna aliyekuwa na namba yake.

Tulikwenda watu wanne asubuhi, mama mkwe akiwa mmojawapo, na ni yeye aliyesema, mimi ulimi ulikuwa umekauka. Turubai lile lile na viti vile vile tukavihamishia Igoma kabla ya saa nne. Daftari la rambirambi, majina yote yaliyokuwa yameshaandikwa na hela iliyokuwa imeshaingia, balozi akalipeleka kama lilivyo. Hakuna aliyeomba chake kirudi.

Kwa hiyo: nyuma ya mlango wa jiko kuwe na karatasi. Namba ya kichwa. Namba ya trela la safari hii, siyo la safari ile. Jina halisi la utingo na simu yake, pamoja na simu ya mtu wa kwao. Namba mbili za ofisini, moja iwe ya mtu anayepokea usiku. Laini anayotumia Zambia, Rwanda au Kongo. Trela likibadilishwa, anatuma namba mpya kabla hajawasha injini, na safari ikibadilika anasema siku ile ile, hata kama kuna kipaimara, hata kama kuna harusi ya dada yangu. Nitakasirika. Hasira zangu anazijua mwisho wake. Sisi wake wa madereva wa tajiri yule sasa tuna orodha ya simu zetu wenyewe, hatutegemei ofisi, na mwenye picha ya ajali anampigia kwanza mwenye mume. Kwenye kundi harushi kitu. Wifi yangu nilishamsamehe, ila picha zake sizifungui mpaka leo.

Afya. Watu huizunguka hii, mimi naipitia katikati. Mtu analala nje usiku ishirini kwa mwezi, kwenye vituo ambavyo kila mtu anajua kuna biashara gani. Akirudi safari ndefu tunakwenda kupima wote wawili, VVU na presha. Kupima VVU katika vituo vya serikali ni bure, foleni yake ni fupi kuliko ya Tunduma. Siyo kwamba namshuku, na wala siyo kwamba simshuku. Usingizi nao ni afya: dereva anayekwambia amefika kwa kuunganisha usiku na mchana kwa sababu alikukumbuka, msifu kidogo sana, asije akarudia.

Akirudi nyumbani, siku ya kwanza mwache alale. Siku ya pili ataanza kupanga: kwa nini mtoto anaangalia televisheni, kwa nini mlango umehamishwa, nani kasema kuku wafugwe huku. Nyumba ilijiendesha bila yeye wiki tatu, na hilo linamuuma, ingawa hatalisema. Mpe kazi yake ambayo hakuna mtu anaigusa akiwa safarini. Kwetu ni kumpeleka mdogo shule kwa miguu na kulipa ada kwa mkono wake, akionana na mwalimu. Na ugomvi wa kugawana amri uishie chumbani, watoto wa madereva wanajifunza mapema sana kucheza katikati ya wazazi wawili. Mwanangu wa tatu alipokuwa na miaka miwili alimwita baba yake "mjomba" mbele ya wageni. Wote walicheka, yeye pia, kisha akatoka nje kukagua matairi ambayo hayakuwa na tatizo.

Mengine ni madogo madogo. Asibebe abiria, hasa wa usiku. Asiruhusu mtu yeyote kugusa lakiri ya mzigo, hata akijitambulisha vipi. Asinunue mafuta ya barabarani kwenye madumu, na asiuze ya kwake. Awe na tochi, na chaji ya simu ya pili. Akija na gari mtaani, asiliegeshe kwenye mwinuko. Mwanza yetu hii ni mawe na miteremko, na gogo la kuzuia tairi liwekwe hata kama breki ni mpya. Na asubuhi kabla hajaliondoa, ainame, achungulie chini ya trela lote, upande huu na upande ule, maana kivuli cha trela watoto wa Buhongwa wamekifanya uwanja wa kuchezea gololi.