Salfa Ikiingia Jichoni, Usikimbilie Lambo

Ndugu wakulima wa korosho, kila msimu wa kupuliza, kuanzia Newala na Tandahimba hadi Ruangwa, kosa ni lile lile. Unga wa salfa unamwingia mtu machoni, anazima mashine, anainama lamboni au kwenye pipa lisilo na mfuniko, anajimwagia maji usoni na mengine anayavuta puani atoe vumbi. Kupuliza mnajua, sitarudia. Shida ni hayo maji.

Kwenye maji yaliyotuama na kwenye udongo wanaishi amiba, vijidudu visivyoonekana kwa macho, wasiomtegemea binadamu. Mmoja wao, Acanthamoeba, maji yakikauka hujifunga ganda na kusubiri, hata miaka. Jicho zima ni nadra kumpa nafasi. Jicho lililosuguliwa likiwa na vumbi lina mikwaruzo kwenye kioo chake, na hapo ndipo anapopenyea. Maumivu huwa makali kuliko wekundu unaoonekana, mwanga hauvumiliki, macho yanaona ukungu. Tiba yake huchukua miezi, na wapo wanaobaki vipofu wa jicho hilo.

Msiniambie mmetia kidonge cha klorini. Kipimo cha maji ya kunywa hakimuui amiba aliyejifunga ganda. Anakufa kwa kuchemshwa: maji yakishatokota kwa mapovu makubwa, yaache yaendelee kutokota dakika 1 kamili. Kuona mvuke tu ukaepua si kuchemsha. Yapoze yakiwa yamefunikwa, kisha yatie kwenye dumu safi. Dumu lililowahi kubeba kiuatilifu halifai, hata ulioshe mara ngapi!

Kila mpulizaji abebe lita 10. Jicho linaoshwa dakika 15, na ukimimina taratibu nusu lita kwa dakika, hizo ni lita 7.5, zinazobaki ni za kunawia mikono kwanza. Wengi wanaosha nusu dakika halafu wanarudi kazini wakifikicha jicho kwa kiganja chenye salfa. Acheni! Fungua kope kwa vidole, mwenzako amimine kuanzia pembe ya jicho iliyo karibu na pua kwenda nje, ili uchafu usihamie jicho la pili. Yaliyochemshwa yakikosekana, usikae ukisubiri, chukua maji ya kunywa yaliyo safi kuliko yote hapo shambani.

Kesho yake jicho likiwa halikuumi na unaona vizuri, endelea na kazi.

Likiuma bado au huoni vizuri, nenda hospitali, na usijinunulie matone dukani. Yale yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, hupunguza wekundu huku ugonjwa ukisonga mbele.

Puani ni hatari nyingine. Amiba mwingine, Naegleria fowleri, hupenda maji ya uvuguvugu, hupitia puani na kufuata mshipa wa kunusa hadi kwenye ubongo. Ni ugonjwa wa nadra, lakini karibu wote wanaoupata hufa. Kuyanywa maji hakuuleti. Huko Karachi, Pakistani, umewapata watu ambao hawakuogelea popote, na maji ya kutawadhia yametajwa kuwa njia mojawapo. Kwa hiyo anayetawadha shambani, maji ya kupandisha puani yawe yaliyochemshwa. Ukiwa uliyavuta ya lambo, kisha ndani ya siku 1 hadi 12 ukashikwa na homa, kichwa kikali, kutapika na shingo kukakamaa, wahi hospitali siku hiyo hiyo na umwambie daktari mapema kwamba maji ya lambo yalikuingia puani.